Maji ya Nyuma ya Kisiwa

Moteli ya njia panda, Texas
12 Februari 2012

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Hadley Ferry. Natumaini u mzima, miguu haijavimba tena, na huyo mbwa Buster ameacha kutafuna viatu vyako. Mimi mzima, ila ungeniona sasa hivi ungeuliza ni mzima wa namna gani. Nimekaa kitandani nimejifunga mablanketi mawili ya moteli, buti ziko juu ya hita zinatoa mvuke, na chumba kizima kinanuka samaki na soksi.

Baba, mvua ya huku sijapata kuiona. Siku ya kwanza ya mashindano mvua, siku ya pili mvua ya barafu, siku ya tatu vyote viwili na upepo juu yake. Boti ikienda kasi, chembe za barafu zinakuchapa usoni mpaka unalia, na mimi nililia kweli, kwani nani ataona? Vipete vya fimbo ya kuvulia viliziba kwa barafu. Kila nikirusha chambo mara mbili, lazima nichovye fimbo majini iyeyuke. Siku ya pili nilipangiwa mwenzangu wa nyuma ya boti, fundi bomba mmoja kutoka Louisiana. Ilipofika saa sita akaniambia, "Dada, hivi mimi nimetoa hela yangu mwenyewe nije kuteswa hivi?" Nikamjibu, "Karibu chamani." Tukacheka mpaka midomo ikapasuka.

Samaki? Besi wawili kwa siku tatu, tena wadogo wa kuonea haya. Kwenye jukwaa la mizani mtangazaji alisema "Retta Tidmore!" kwa sauti ya kutoa pole.

Mwaka wa tisa huu natafuta kufika Fainali Kuu ya mashindano haya ya uvuvi. Usiku mwingine najiuliza kama sijawa mwendawazimu. Nimechoka, Baba. Kwako naweza kusema.

Mwanao,
Retta


Hadley Ferry, Alabama
21 Februari 2012

Mwanangu Retta,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nakula. Mimi sijambo. Miguu inavimba jioni na kunywea asubuhi, nimeizoea. Buster hajambo kuliko sisi sote.

Wasichana wa posta wananiuliza kwa nini sinunui simu kama watu. Nawaambia mashine za boti zilinila masikio yote mawili, sasa simu nitaisikiliza kwa nini, kwa goti? Basi tuendelee hivihivi, kwa wino.

Kwanza, vaa soksi za sufu, acha hizo za dukani zenye rangi za sarakasi. Pili, usile karanga za kuchemsha peke yake ukadai umekula. Tatu, besi wawili kwenye barafu si haya. Mimi nimeongoza wageni ziwani hapa miaka mingi, na siku za namna hiyo nilikuwa nawarudishia pesa zao na kuwapeleka kunywa kahawa. Wewe ulikaa hadi mwisho. Kichwa kigumu hicho umekitoa kwa mama yako, mimi simo.

Usife moyo. Mashindano ya mwisho ni hapa kwetu mwezi wa tano. Ukifika hapo bado una nafasi, nani atakuweza?

Baba yako,
Verlon


Oklahoma
25 Machi 2012

Baba yangu,

Shikamoo. Hujambo? Miguu je? Mimi mkono wa kulia una ganzi, vidole viwili havijarudi sawasawa, mengine salama.

Keti chini kwanza. Nimekuwa wa kumi na mbili!

Si kwa ustadi. Ilinyesha mvua ya mawe makubwa kama mayai ya njiwa, upepo ukageuza ziwa zima likawa tope la mawimbi, na nusu ya watu walikata tamaa wakarudi gatini mapema. Cobb Starnes, yule mshindani mwenye kidomodomo, alipita karibu yangu akapiga kelele, "Retta, nenda nyumbani ukakaange kuku!" Nikamwambia, "Tangulia wewe, ukawashe jiko!" Akaenda kweli. Mimi nikabaki nimejikunyata ndani ya koti la mvua lililokwisha kuvuja tangu Texas, natapika kwa mawimbi, narusha, natapika, narusha. Samaki watano. Sina raha hata kidogo ninapokumbuka, nakumbuka baridi tu.

Sasa hesabu imekaa hivi: nikimaliza katikati tu ya orodha hapo nyumbani, katikati tu, nimeingia Fainali Kuu.

Kwa hiyo sikiliza Baba, na usicheke. Tarehe mosi Aprili ziwa letu linafungwa kwa washindani. Kuanzia hapo hadi mizani ya mwisho, mtu yeyote asinipe habari ya maji yale ambayo umma hauijui. Yeyote, hata mzazi. Wakinikuta natolewa. Na wanaofanya vizuri hufungwa ile mashine ya kupima uongo, unaulizwa ana kwa ana. Sitalala nyumbani, nitapanga moteli ng'ambo ya mto. Niandikie habari za Buster. Niandikie habari za kanisani. Ziwa usilitaje.

Mwanao anayekupenda,
Retta


Hadley Ferry
11 Aprili 2012

Mwanangu,

Hujambo wewe na vidole vyako? Mimi sijambo.

Wa kumi na mbili! Nimemwambia mchungaji, nimemwambia muuza petroli, nimemwambia hata yule mama wa dukani ambaye hatusemezani.

Nimeielewa sheria. Buster amekula soksi. Kanisani wamepaka rangi milango, rangi mbaya. Mvua inanyesha, na hilo nadhani ni ruhusa maana hata gazeti linalisema. Nimekaa na kalamu hii tangu nimalize chai ya asubuhi, na kila ninalotaka kukuambia liko ndani ya maji. Hujui ilivyo kazi. Maisha yangu yote nimezungumza na wewe habari moja tu, na sasa ndiyo hiyo imefungwa.

Basi. Kula vizuri.

Baba yako


Hadley Ferry
28 Aprili 2012

Retta mwanangu,

Salamu. Sijalala vizuri, kwa hiyo nitasema moja kwa moja.

Gazeti linasema siku ya mashindano utavuma upepo wa kaskazini-magharibi, na mvua kubwa. Bwawa wamefungua milango, maji yanashuka kwa nguvu. Vitu hivyo viwili vikikutana nyuma ya Kisiwa cha Haskew, mawimbi husimama wima kama ukuta. Ninyi wote hupita pale kwa sababu ndiyo njia fupi. Usipite. Zunguka upande wa mashariki, ufuate mkondo wa zamani ulipokuwa mto kabla ya bwawa, uanzie kwenye nguzo za daraja lililozama. Haumo kwenye ramani zao. Utatokea kwenye ghuba yenye miti ya mierebi, pametulia, hata upepo uvume vipi.

Hujawahi kuniuliza Odell alizama wapi. Mwenzangu wa boti miaka kumi na moja, nami nilikuambia tu kwamba maji yalimchukua. Ni pale. Upepo huohuo, mvua hiyohiyo. Nilimshika kola ya koti, na koti likanibaki mkononi.

Najua sheria. Soma, kisha choma barua hii. Mimi sisemi, wewe usiseme.

Baba yako


Moteli, ng'ambo ya mto
6 Mei 2012

Baba,

Natumaini u mzima.

Barua yako ilikuwa mapokezi nilipofika. Niliifungua nikiwa nimesimama, nikidhani ni ya Buster. Nilipofika kwenye maneno ya daraja lililozama nilikuwa nimeshachelewa kuacha.

Nilikaa nayo mpaka asubuhi. Kisha nikaipeleka kwa Bwana Pruitt, mkurugenzi wa mashindano. Aliisoma akavua kofia. "Retta, kwa nini umenionyesha hii?" Nikasema, "Kwa sababu nikifanya vizuri mtanifunga ile mashine, na nikifanya vibaya nitajifunga mwenyewe." Akasema, "Mzee angekuambia jihadhari na upepo, angekuwa baba tu. Lakini amekupa njia isiyo kwenye ramani, na mwisho wa njia maji yaliyotulia. Siku ya upepo kila mtu anatafuta maji yaliyotulia, kwa sababu ndiko samaki waliko. Nifanyeje mimi?" Nikamwambia afanye anachopaswa. Alinitoa kwa sauti ya chini, macho yake yametazama chini muda wote.

Ungeniambia "jihadhari", Baba. Neno moja. Ningelielewa.

Na uniambie nichome? Wewe? Wewe uliyenifanya nirudishe samaki majini nikiwa na miaka saba, kwa sababu alipungua kipimo kwa upana wa ukucha, nami nikalia mpaka nyumbani?

Jana ilikuwa siku ya mashindano. Najua umeiona hali ya hewa, lakini nitakuandikia hata hivyo. Upepo haukuja. Mvua ilikatika alfajiri. Jua likatoka, Baba, jua zuri, la kwanza tangu Februari. Ziwa lilikuwa limelala kama sahani. Nilisimama gatini nikaziona boti zote zikitoka mojamoja, watu wamevua makoti, wanacheka. Cobb alipita, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Alinipungia mkono kama mtu anayepita msibani.

Wamepita nyuma ya kisiwa wote. Wamerudi wote.

Nimevumilia barafu, mawe, matapishi na ganzi ili niifikie siku moja, na siku yenyewe ilipokuja na jua lake nilikuwa nchi kavu. Sina la kuongeza. Usiniandikie kwa sasa.

Retta


Hadley Ferry
14 Mei 2012

Mwanangu,

Umesema nisiandike, nami naandika. Sijambo, kama unataka kujua.

Nimejaribu kuandika samahani. Nimechana karatasi nyingi. Kila nikiifikia naona lile koti mkononi mwangu, safari hii ni lako, na neno linakwama. Nimekosea upepo. Nimekosea kukuambia uchome, hilo naliungama mbele yako na mbele za Mungu. Lakini kukuambia usipite pale, siwezi kukudanganya kwamba najuta. Ningeandika tena. Nichukie, ilimradi unanichukia ukiwa hai.

Njoo ule chakula cha jioni. Nitakaanga kambare.

Baba yako


Hadley Ferry
20 Desemba 2012

Retta,

Heri ya Krismasi, popote ulipo. Mama wa dukani, ambaye sasa tunasemezana, anasema mpwa wake alikuona kwenye mashindano kule Missouri, mvua inakupiga, hujapata hata samaki mmoja. Nimefurahi kuwa bado unavua. Nimehuzunika kuhusu mvua.

Barua zangu za Julai na Septemba hazikujibiwa. Najiambia bado uko chini ya sheria, labda kila ziwa unaloenda limefungwa na hutaki kujitia mashakani kwa barua ya mzee mwenye mdomo. Nadhani ndivyo. Ukipata nafasi, hata kadi.

Baba yako


Hadley Ferry
5 Mei 2013

Mwanangu Retta,

Natumaini umefika salama unakokwenda. Sijui ni wapi, kwa hiyo barua hii naipeleka kwa Bwana Pruitt akupe.

Jana, mashindano yenu yaliporudi hapa kwetu, nilikuwa gatini tangu kabla hakujapambazuka. Upepo ulikuwa wa kaskazini-magharibi, mvua ya kulala upande, baridi ya kuuma fizi, na milango ya bwawa iko wazi. Safari hii gazeti halikukosea. Ulipita umbali wa hatua chache tu, kofia ya koti imekufunika hadi kwenye nyusi. Uliniona. Nilifungua mdomo nikaufunga. Nilishika chuma cha gati kwa mikono miwili nisije nikapiga kelele, nawe ukaondoka na wengine ndani ya ile mvua, na mimi sikusema hata "jihadhari".

Nilikaa ndani ya pikapu kutwa. Sikuweza kunywa hata kahawa. Boti zilipoanza kurudi nilizihesabu kama mwehu, na yako ilipotokea nililia mpaka Buster akaogopa. Ulipita nyuma ya kisiwa au ulizunguka, sijui. Sitakuuliza.

Ulipanda jukwaani midomo ya bluu, mfuko una samaki watatu. Nilipiga makofi. Sikuyasikia mwenyewe, nikapiga zaidi.

Kisha Bwana Pruitt akafunga mizani. Nilimfuata nikamwomba aniandikie kwenye karatasi, sheria imekwisha? Akaandika: imekwisha, mzee, ongea naye unavyotaka.

Nikaenda kusimama kando ya pikapu yangu, pale pale kwenye njia ya kutokea, nikavua kofia ili unitambue vizuri. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Ulifunga boti yako kwenye trela, ukakagua mikanda, ukapanda garini. Ulipita mbele yangu polepole kwa sababu ya matope, kioo kimefungwa, unatazama mbele.

Mwaka mzima nilijiambia ni sheria.

Baba yako,
Verlon