Kwa Baba Emmah, Kuhusu Ule Wimbo

Mwaka ulitimia Jumamosi iliyopita, Chege, tangu ututoke ukiwa na miaka sitini na mbili. Watoto walitaka tangazo fupi la kawaida, picha yako ukiwa na tai na mistari minne chini yake. Nikawaambia tai uliivaa mara mbili tu maishani, na mara ya pili hukuulizwa. Kwa hivyo picha ni ile ya fulana nyeusi, na maneno haya nimeyaandika mimi, Njambi, mke wako. Kuna jambo nina deni la kukueleza na sitaki ulisikie kwa watu.

Tuanze na mazuri yako, maana ndiyo desturi. Kile kiwanda cha nguo kilipofungwa, ulijifunza kuchomelea vyuma, ukawa fundi hapa Kamenu miaka zaidi ya ishirini. Mageti yako yapo barabara nzima na hakuna lililolegea. Mjane akiwa na dirisha lisilo na grili, ulimtengenezea bila maneno mengi, kisha unarudi nyumbani kuniambia eti vyuma vilikuwa vimebaki tu. Vyuma vyako vilikuwa vinabaki sana. Nilijua, nikanyamaza.

Hata geti la kanisa ni lako. Miaka mitatu tulipita pale tukisifu ua ulilolichomelea juu yake, mpaka mgeni mmoja alipouliza kwa nini kanisa letu lina gitaa linalowaka moto. Mchungaji Gichuru aliliangalia kwa muda mrefu, akasema ni ua. Mpaka leo ni ua.

Wasiokujua wanaosoma hapa waelewe kwamba ulipenda roki nzito, ile ya zamani, ya wanaume wenye nywele za kufika kiunoni wanaopiga kelele kama watu waliofungiwa choo. Majirani walisikiliza mugithi, wengine rumba, wewe ulitaka gitaa linalolia kama mashine ya kukata chuma. Ulisema wanamuziki wa siku hizi wanaimba kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Jumapili baada ya ibada ulikwenda Ruiru kwa Wamalwa, Karanja naye akaja, mkakaa wanaume watatu wenye vitambi mkitikisa vichwa mpaka jioni. Ulipofika miaka hamsini na minane shingo ikakataa. Ulivaa kola ya hospitali wiki sita, na kanisani ukawaambia uliteleza kwenye paa la mteja. Wakakuombea. Nami nikaitikia amina, Mungu anisamehe.

Nyinyi watatu mlikuwa na bendi yenu mwaka wa themanini na tisa, mkiwa vijana wa kiwandani. Mliiita Chuma Moto. Wewe ulikuwa mwimbaji, Karanja gitaa, Wamalwa ngoma. Mlirekodi wimbo mmoja tu, unaitwa "Boila", kwenye kaseti moja tu. Halafu Wamalwa akapata mapacha, Karanja akapata wokovu, na wewe ukanipata mimi. Bendi ikaishia hapo.

Sasa nije kwenye lile jambo. Alhamisi ile ya mwisho hospitalini, mchana, nilikuwa nakubembeleza unywe uji. Ukaniambia, "Mama Emmah, siku ya kunizika wapige 'Boila'."

"Kunywa uji kwanza."

"Niahidi kwanza."

"Haya, nimeahidi. Kunywa."

Ukanywa vijiko vitatu. Jumamosi ukaenda. Hiyo ndiyo ahadi niliyokupa, na tulikuzika bila kuitimiza.

Najua unachofikiri. Unafikiri niliogopa kina mama wa kikundi cha kanisa. Hapana, Chege, kwa hilo nilikuwa nimejiandaa, na hata Mchungaji nilikuwa nimemwambia kutakuwa na kelele kidogo. Kosa lilitokana na usafi. Siku uliyotutoka watu walianza kufika kutupa pole, na sebule ilikuwa imejaa vitu vyako. Nikavuta lile boksi lililokuwa nyuma ya kochi, ambalo hukuligusa tangu mwanao Githae akuwekee muziki kwenye simu. Nikakuta kaseti. Nikasoma maandishi juu yake, kwa mkono wako mwenyewe. "Mahubiri ya Pasaka." "Kwaya ya Vijana." "Mafundisho ya Ndoa."

Nililia, Chege. Nikasema, kumbe huyu mtu alikuwa akisikiliza mafundisho ya ndoa na mimi namsema! Nikampa Mama Mumbi wa kikundi chetu boksi zima alipeleke kanisani liwasaidie wengine, na nikajiona nimefanya jambo la maana.

Asubuhi ya mazishi nikamuuliza Karanja, "Hebu nipe ile kaseti ya 'Boila', tumpatie mtu wa vyombo vya muziki."

Karanja akanishangaa. "Si iko kwa lile boksi lenu? Ile imeandikwa Mahubiri ya Pasaka."

"Ati nini?"

"Mamako alipokuja kukaa na nyinyi mwaka wa tisini na sita, Chege aliandika zote hivyo ndiyo mama asishtuke. Hukujua?"

Sikujua. Mama yangu aliishi nasi miaka mitano akikusifu kwa kila mtu kuwa mkwe wake ana maktaba ya Neno la Mungu. Mama Mumbi akakimbia kanisani, akaambiwa boksi limeshapelekwa mashambani, kwa mtu ambaye bado ana redio ya kaseti. Nani, hakuna aliyekumbuka. Githae akahangaika na simu yake. "Mum, haiko. Ngoma za watu wote ziko huko mtandaoni, ya buda tu ndiyo haiko."

Basi tukakuzika kwenye shamba letu la Murera kwa nyimbo za kwaya. Zilikuwa nzuri, siwezi kusema zilikuwa mbaya. Lakini Wamalwa na Karanja walikuwa wamesimama pale na zile fulana nyeusi chini ya makoti, wakingoja. Jeneza lilipoanza kushuka, Wamalwa alinitazama. Nimezika wazazi wangu wote wawili na kaka yangu mmoja, na sijawahi kuona aibu kaburini kama siku hiyo.

Mwaka mzima sikuweza kupika uji. Becky, mke wa Githae, akidhani nimechoka, alikuwa anaupika yeye na kuuleta, nami nampa paka.

Mwezi uliopita Emmah alirudi kutoka sokoni Thika akihema. Amekutana na mwanamke wa Ngoliba anayelalamika kuwa baba yake mzee, Mzee Kimanzi, amepewa mahubiri na kanisa na anayafungulia shambani kutwa nzima, mpaka majirani wanataka kwenda kwa chifu. Emmah akamuuliza ni mahubiri ya namna gani. Yule mwanamke akasema, "Woi, ya Pasaka. Lakini mhubiri anaunguruma tu!"

Kesho yake tukaenda. Kule ni kukavu, unapajua, na mashamba ya mtama yalikuwa yamekomaa. Kabla hatujaona nyumba wala mtu, tulisikia sauti yako. Ilikuja tu juu ya mtama, ile sauti ya ujana, ukipiga makelele yako. Emmah akanishika mkono. Mimi nilikaa chini pale pale mchangani na sketi yangu nzuri.

Mzee Kimanzi ana miaka themanini na moja na masikio yake yamechoka. Tulimkuta chini ya kivuli cha turubai, redio yake iko juu ya stuli.

"Haya mahubiri ni makali," akatuambia. "Maneno siyasikii vizuri, lakini huyu mtumishi anaamini anachosema. Na ndege wote wamehamia kwa jirani. Sijawahi kuvuna hivi."

"Baba," nikamwambia, "huyo si mtumishi. Huyo ni mume wangu."

Akafikiria. "Na alikuwa amekasirika nini?"

"Hakuwa amekasirika. Hapo alikuwa amefurahi."

Nilipomweleza habari ya ahadi, alizima redio na kuvua kofia. Lakini kaseti hakutupatia. Alisema imezoea redio yake, redio nyingine itaiharibu, na kwamba ataileta mwenyewe siku ya kumbukumbu yako, kwa mkono wake. Sikubishana. Mtu aliyekusikiliza miezi kumi na moja bila kulipwa ana haki zake.

Jumamosi basi. Murera tuliweka tenti moja na viti. Kikundi cha akina mama walikuja wote na vitambaa vyao vyeupe kichwani. Kwenye ratiba, Emmah aliandika "Wimbo Maalumu" baada ya somo la Mchungaji, hakueleza zaidi. Mzee Kimanzi alifika na redio imefungwa kwa taulo kama mtoto, akaiweka kwenye kiti cha plastiki karibu na msalaba wako, akapewa maiki aisogeze kwenye redio, akabonyeza.

Gitaa la Karanja likalipuka. Mama Mumbi akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Halafu ukaingia wewe, na mimi nikasema moyoni, haya, Chege, imelipwa.

Ukaimba dakika moja, labda na nusu. Kisha sauti yako ikawa nzito, ikawa nzito zaidi, ikazama, na redio ikanyamaza. Mzee Kimanzi alipofungua kile kifuniko, utepe ulitoka umejikunjakunja, mita na mita, na umekatika mahali pawili. Akajaribu kuurudisha kwa kalamu. "Imemezwa," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia."

Ilikuwa kaseti ya pekee. Niliona Mchungaji Gichuru anafungua kinywa kuita sala ya kufunga, na nikajua akiita tu, basi, nimekuzika mara mbili bila wimbo wako.

Wamalwa ndiye aliyesimama. Alikipindua kiti chake, akakiweka kati ya magoti na kuanza kukipiga kwa viganja. Karanja, mzee wa kanisa, mtu wa wokovu miaka thelathini na zaidi, akavua koti, akafungua mdomo na kulifanya gitaa. Kwa mdomo, Chege. "Ngriii, ngri-ngri-ngriii," macho yamefungwa na vidole vinatembea juu ya tumbo. Mjukuu wako Mwendwa alianguka kwenye kiti kwa kicheko. Wakaimba ubeti wa kwanza:

*Boila inachemka, supavaiza amelala,*
*Presha imepanda na sisi bado tumekaa!*

Wakafika ubeti wa pili, wakakwama. Wakaangaliana. Wazee wawili wamesahau wimbo wao, na katika maisha yao walirekodi mmoja tu!

Mimi nilikuwa naujua. Wote. Miaka thelathini na nne umeuimba ukinyoa ndevu, ukitafuta soksi, ukimenya viazi, nami nakufokea uache hiyo takataka, na kumbe kichwa changu kilikuwa kinaandika. Nikaenda mbele na kuchukua maiki kutoka kwa Mzee Kimanzi. Emmah akasema, "Mum? Mum, uko sawa?"

*Mvuke unatafuta mlango, bolti zote zinalia,*
*Sisi ndio makaa yenyewe, nani wa kutuzuia?*

Karanja alifungua macho akaniona ni mimi, na akaongeza gitaa.

Mwisho wake unaujua vizuri kuliko mimi. Kuna pale unaposema "Hatuzimi!" halafu unaivuta ile sauti mpaka pumzi ikuishie. Wamalwa alipiga kiti na kuninyooshea kidole. Nilisimama mbele ya kikundi changu, mbele ya Mchungaji wangu, mwenyekiti mzima wa kamati ya chai, nikafunga macho nikapiga kelele. Niliivuta, Chege. Kitambaa kilianguka kichwani. Mbwa wa jirani walijibu. Nilivuta mpaka Githae akaja kunishika.

Nilipofungua macho, Mama Mumbi alikuwa analia na Mchungaji Gichuru amevua miwani anaipangusa. Akasema, "Amina," na watu wote wakaitikia.

Bado siupendi wimbo huo, nisikudanganye. Lakini tangu uondoke nimekuwa nikikutaja taratibu, kwa heshima, kama wajane wanavyofundishwa, na sikujua jinsi nilivyokuwa na hamu ya kukuita kwa nguvu zangu zote.

Tunaokukumbuka: mimi Njambi, mke wako, watoto wako Emmah na Githae, Becky, mkaza mwanao, wajukuu wako Mwendwa na Mitchell, Wamalwa na Karanja wa Chuma Moto, Ruiru, na Mzee Kimanzi wa Ngoliba, ambaye sasa ni wetu.

Umo mioyoni mwetu siku zote, Baba Emmah. Pumzika, kama unajua kupumzika.