Nilimfunika Dada Yangu kwa Tarumbeta

Bi Ardella,

Ukurasa wako wa ushauri gazetini nausoma kila Jumatano hapa Kansas City, na sikuwahi kudhani iko siku nitakuwa mmoja wa wanaokuandikia, lakini naomba unishike mkono maana siku zimebaki chache na usingizi umenikimbia. Majina nimeyabadilisha, ingawa Baba hasomi ukurasa huu, anasema ni wa wanawake. Nina miaka arobaini na sita, napiga tarumbeta, na aliyenifundisha ni baba yangu, Shemasi Lucius, kama alivyowafundisha nusu ya wavulana wa mtaa wetu pale barazani kwake bila kudai hata senti, ndiyo maana mwaka huu ile jioni ya mashairi na jazi inayofanyika kila Agosti bustanini, nyuma ya kanisa, iliandaliwa kwa heshima yake.

Dada yangu Vernita, anayenifuata kuzaliwa, alikuwa amerudi kutoka Oakland baada ya miaka kumi na tisa, na waandaaji wakamwomba asome shairi la familia yetu huku mimi na bendi tukimpigia. Kwenye mazoezi alisoma nusu tu, maneno matamu kuhusu jiko la Mama na pai ya mapichi, nikamuuliza mwisho uko wapi, akajibu, "Mwisho utausikia huko huko, Dell." Nikacheka, nikadhani ni maringo ya washairi.

Jumamosi yenyewe joto lilikuwa la kuyeyusha mtu, watu wamekuja na viti vyao vya kukunja, nyama za mbavu zinachomwa pembeni, Baba yuko mstari wa mbele ndani ya suti nyeupe na Mama ubavuni kwake anajipepea. Vernita akasoma ile nusu, watu wanaitikia, "Sema, dada! Waambie!" Kisha akatoa karatasi ya pili ambayo sikuwahi kuiona, akasoma: "Puliza, kaka, mtaa usisikie. Puliza, Mama ameanguka tena."

Bi Ardella, hayo ni kweli. Nilikuwa na miaka tisa. Baba akitaka kumpiga Mama jikoni, kwanza aliniita, "Dell, chukua tarumbeta ufanye mazoezi, kwa nguvu," nami nilifanya, madirisha yakiwa wazi, na majirani walikuwa wakimwambia Baba kesho yake kwamba kijana anaendelea vizuri, na Vernita wakati wote huo alikuwa chini ya meza.

Sasa pale jukwaani sijui nilipatwa na nini, nilistukia tarumbeta iko mdomoni nami napuliza kwa pumzi yangu yote, Ruel mpiga ngoma akadhani nimempa ishara akaingia kwa kishindo, umati ukasimama kushangilia, na dada yangu namwona midomo inacheza lakini sauti yake haifiki popote, mpaka akakunja karatasi, akanikaribia sikioni, akasema, "Tena, Dell?" Akashuka. Baba aliinuka akapaza sauti, "Huyo ndiye mwanangu!"

Baba alibaki akisalimiwa na wanafunzi wake wa zamani, mimi nikampeleka Mama nyumbani. Ndani ya gari alisema neno moja tu, "Umepuliza kama zamani," na mpaka leo sielewi kama alinisifu au vipi.

Balaa ni kwamba watu wamelipenda lile shairi na muziki wake, wanataka tulirudie Jumamosi ya kufunga mwezi. Vernita amekubali. Ameniambia, "Safari hii nasoma mpaka mwisho. Ukitaka piga, ukitaka kaa kwako, ila ukinifunika tena, mimi na wewe basi." Na jana Baba alinipigia simu: "Hilo shairi la dada yako lina nini huko mwishoni?" Nikasema sijui. Akasema, "Haya. Maadamu wewe utakuwepo jukwaani, sina wasiwasi."

Ana miaka sabini na tisa, moyo unamsumbua, hajamgusa Mama kwa muda mrefu nijuavyo mimi, na hapa mtaani watu wanamwona kama nguzo. Je, nipige, nikatae, au nimsihi Vernita angoje mzee atangulie kwanza?

Mpuliza Tarumbeta

*

Mpuliza Tarumbeta,

Pole, baba. Mtoto wa miaka tisa aliyepewa kazi ile hana kosa lolote, na mtu yeyote akikwambia analo, mlete kwangu. Wewe wa miaka arobaini na sita ndiye nina neno nawe.

"Sijui nilipatwa na nini"? Unajua. Uliogopa mtaa ungemjua baba yako, na uliogopa zaidi ungekujua wewe. Mama alichosema ndani ya gari umekielewa tangu siku ile, ndiyo sababu hulali. Na Baba anapokwambia hana wasiwasi maadamu upo, anakupa kazi, na wewe hukuikataa.

Tena nimeisoma barua yako mara tatu. Nimeujua moyo wa baba yako, suti yake, hata mpiga ngoma wako namfahamu. Aliyekuwa akianguka ni nani? Umeuliza hata mara moja yeye anataka nini? Na hiyo "nijuavyo mimi" yako imenikosesha raha. Usijue kwa kukisia.

Nenda kwa Mama akiwa peke yake. Mwambie shairi linasema nini, neno kwa neno. Muulize kama bado anaguswa, na kama anataka jambo lake lisomwe mbele za watu. Akisema hapana, mpeleke Vernita kwake, wakae wawili, wazungumze wenyewe. Wewe usiwe mkalimani wala hakimu. Vernita naye ana haki ya utoto wake, lakini mwili uliopigwa ni wa Mama.

Kwa Vernita, sema, "Nilikufunika makusudi, nisamehe." Koma hapo. Usiweke "lakini."

Wakikubaliana lisomwe, siku yenyewe asubuhi, Mama akiwa ameshatoka nyumba ile, nenda kwa Baba. Mwambie ana kwa ana kwamba yatasemwa yaliyotokea na wewe hutapiga. Aje au asije, ataamua mwenyewe. Moyo wake una daktari. Kumngoja afe ni kumwambia dada yako anyamaze miaka mingine, na huenda Mama akatangulia.

Jioni hiyo Ruel ampigie Vernita polepole. Wewe kaa mstari wa mbele, karibu na Mama, na watu wakikugeukia, usiiname.

Na baada ya hapo Mama asirudi kulala na mzee mwenye hasira. Alale kwako, siku moja au mwezi, atakavyo. Tandika kitanda leo.

Bi Ardella