Mume Wangu Nilivyomweka Arobaini

Jumatatu, 6 Januari

Nimemkanda tena mgongo wake. Maji ya moto, mafuta ya nazi, kisha mkaja, kitambaa cha kumkaza kiunoni. Siku ya ishirini na mbili. Nawakanda wanawake waliojifungua Mwera nzima, wanatoka arobaini wazima. Ila Bakari wangu akiamka hawezi kuinama mpaka jua lipande. Miaka ishirini na tisa tu! Hajakwea mnazi tangu nilipomlaza. Majirani wanamwita mzazi. Wacheke. Mimi nafurahi kumwona pale kitandani, kanenepa kwa uji wa pilipili manga.

Ijumaa, 10 Januari

Hospitali, Tanga mjini. Eksirei safi. Nikapumua. Daktari, binti mdogo kabisa, akamuuliza maumivu yanazidi lini. Bakari akanitazama kwanza.

"Nikilala, daktari. Nikitembea yapungua."

Siku zote hizo kanyamaza! Eti asinivunje moyo. Nimekasirika mpaka kichwa kimeuma. Daktari anashuku baridi yabisi ya uti wa mgongo. Si ya wazee tu, kumbe. Ikiachwa, mifupa hushikana na mgongo haupindi tena. Eksirei huchelewa kuiona. Kipimo cha MRI huiwahi. Twende Dar.

Jumatano, 15 Januari

Dar. Wamemvua mlangoni: mkaja wangu na pini zake tatu. Chuma hakiingii kwenye mashine ile. Aibu yangu. Nimekaa nje nasikia inavyogonga, kama mashine ya kukoboa. Naogopa. Kama mifupa imeshashikana, ni mimi niliyemlaza.

Jumatatu, 20 Januari

Majibu, kwa yule binti wa Tanga. Kuna uvimbe pale nyonga inapoungana na uti wa mgongo. Mifupa haijashikana. Haijashikana! Dawa, mazoezi kila siku, na asilazwe tena. Hakunigombeza. Nimelia mbele za watu.

Bakari akanishika mkono. "Ningelala hata mwaka, madhali wewe ndiwe uliyenilaza."

Mjinga huyu. Nampenda.

Jumapili, 9 Februari

Nimeamka, upande wake mtupu. Nimemkuta uani kainama, anajikata kucha za miguu. Tangu mwaka jana nilikuwa nikimkata mimi. Nimesimama mlangoni nikimtazama. Nimefurahi sana. Nimeona na wivu kidogo. Nikaenda kuteka maji.