Sinema za Seif

Jumatatu, 3 Februari
Siku ya sitini na mbili ya eda. Nimesali, nimekunywa chai ya rangi. Mvua. Wifi amepiga simu, dada wa marehemu mume wangu. Jumamosi atakuja kuchukua sinema za Seif, azipeleke duka la hisani, wanakouza vitu vilivyotolewa sadaka. Maboksi matatu, zote za Kifaransa, za zamani, mapenzi na vichekesho. Anasema mabusu hayakai nyumba yenye eda. Nimemwambia chukua. Sijali.

Sijamlilia Seif hata chozi moja. Naogopa huenda sikumpenda.

Jumatano, 5 Februari
Nimewasha moja, ile iliyobaki ndani ya mashine, kwa uchovu wa kukaa ndani. Sauti nimezima. Mwanamume mwenye mwavuli anampenda mshona nguo, anamdanganya kuwa yeye daktari. Maandishi ya Kiingereza yanapita chini mbio. Mimi niko neno la pili, wao wameshahama. Nikazima, nikalala.

Miaka ishirini na tisa alizitazama, kila Jumamosi asubuhi. Mimi chumba cha pili, kwenye cherehani. Akicheka peke yake. Nikiona upuuzi.

Jumamosi, 8 Februari
Wifi amekuja, mdomo hajaufunga tangu mlangoni. Maboksi mawili yameingia kwenye gari, la tatu halikuenea. Atalifuata Jumanne. Nikafunga mlango, nikala mkate.

Jumapili, 9 Februari
Nilikuwa nalifunga kamba boksi lililobaki. Kasha moja la sinema likaanguka, likafunguka. Ndani karatasi nne zimekunjwa. Mwandiko wa Seif. Maneno yote ya sinema, kwa Kiswahili, pembeni ameweka dakika. Nikafungua makasha mengine. Kumi na moja, yote yana karatasi.

Kiingereza changu cha kusoma alikijua.

Kila Jumamosi aliniambia, "Karibu." Nikamjibu, "Starehe," kama unavyomjibu mtu uliyemkuta anakula. Nilidhani adabu tu. Kumbe alikuwa ananiita kweli. Mjinga mimi. Na yeye mjinga, kwa nini asiseme? Nimekasirika.

Jumatatu, 10 Februari
Kutoka siwezi, nimo edani. Nimemtuma Rukia, mwanangu, dukani akazirudishe zile za maboksi mawili. Akanijibu kwa Kiingereza chake, "Mum, it's only paper." Eti karatasi tu. Nikamwambia nenda. Akaenda, kwa basi, na mvua.

Amerudi na sinema nne. Nyingine bado hazijatolewa stoo, au zimeshauzwa, hawajui. Makasha wameyafuta vumbi, karatasi wamezitupa. Majuto ni mjukuu, na mimi hata mjukuu sina. Wifi sikumlaumu. Aliyesema chukua ni mimi. Nimempigia, nimemwambia kesho asije.

Rukia alikaa jikoni na koti lake lililolowa. Akauliza Baba aliandika nini. Sikuweza kumsomea.

Jumanne, 11 Februari
Nimeirudia ile ya mwenye mwavuli. Karatasi mapajani. Kila inapobidi naisimamisha, nasoma, naendelea. Seif ameandika vizuri. Yule mwongo anazungumza kama watu wa Ng'ambo, mitaa ya kwetu, na nimecheka mara moja.

Dakika ya arobaini msichana amepiga magoti, pini mdomoni, anamshonea bibi mmoja gauni. Hapo Seif ameacha nafasi. Chini yake, kwa penseli: "Hii sehemu ya chini ya gauni, iliyokunjwa, sijui inaitwaje. Nimuulize Zuhura."

Hakuniuliza.

Nimelia mpaka kifua kikauma. Kisha nikanawa uso, nikatafuta penseli. Nikaandika: pindo.