Namba ya Siri ya Bibi

Joan, nimemfungia bibi laini. Mimi, ninayesomea usalama wa kompyuta.

Si mkufunzi alisema kabla hatujaingia maabara tujizoeze kubahatisha namba ya siri ya simu ya mtu, kwa ruhusa yake? Nikamwomba bibi. Akasema jaribu tu.

Nikaweka mwaka aliozaliwa. Nikaweka mwaka aliotoka Burundi. Nikaweka mwaka aliomzaa mama. Laini ikajifunga, inadai PUK, ile namba ya kuifungulia iliyo kwenye kadi ya laini.

Na leo anasubiri simu ya mjomba Jean Paul. Amevuka mpaka juzi na wanawe, yuko kambini, anapiga kwa simu ya kuazima.

Bibi wala hakushtuka. Akaita kwenye migomba, "Kankindi, niletee ile kadi ya laini." Jirani akaja nayo, anaitunza ndani ya kitabu cha nyimbo. Nyuma yake wakaja wamama wengine, na wote wananitajia namba ya siri. Wote, Joan. "Ni sifuri tupu, mwanangu." Sifuri tupu. Niliona ni ya kijinga mno, sikuijaribu.

Nikamuuliza bibi, sasa siri iko wapi?

"Simu naizima kutunza chaji. Nikiwa shambani, nani ataiwasha Jean Paul anipate?"

Tukaweka PUK ya kwenye kadi, laini ikafunguka, na mjomba amepiga. Wako salama wote. Kankindi ndiye aliyepokea.

Mkufunzi akiuliza nani ana ruhusa ya kuingia kwenye kifaa nilichojaribu, nitajibu kijiji kizima cha Mugoma. Kasoro mimi. Bibi amesema nisiiguse tena.