Mazoezi na Mmarekani

Ghubra, Maskati

Dada yangu mpenzi Mwanamize,

Sisi wazima, na mwanangu Aseel kafaulu mitihani yake. Lakini kuna jambo nlikuficha. Baada ya Idi Kubwa nlipata kiharusi, mguu wa kushoto ukafa ganzi. Usilie, nnatibiwa.

Kliniki nlikuwa nikifanya mazoezi na Mmarekani mmoja, Darnell, mcheza mpira wa kikapu. Kacheza Ureno, Uturuki na Lebanon, kisha akaja timu ya hapa. Goti likaumia vibaya, timu ikamwacha. Mimi nlikuwa nikikataa kusimama. Siku moja akaniuliza kwa Kiarabu chake kibovu, "Mama, unangoja nini?"

"Nnangoja mguu upone."

"Mimi nikingoja, sitocheza tena. Simama, tukianguka tuanguke sote."

Nikacheka, nikasimama.

Jana kaenda Bahrain kujaribiwa na timu mpya, na umri wake miaka thelathini na sita. Mimi leo nimetembea hatua ishirini bila ya kushikwa. Usije kuniuguza, Dada. Mwezi wa Shaaban nnakuja Unguja, na ngazi za nyumba yako ntazipanda mwenyewe.

Mdogo wako,
Rahila