Baba, Mstari Haukuwa Sifuri

Baba yangu uliyeniachia madaftari kumi na moja,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako. Ni kilekile cha mbao, chenye mguu uliofungwa waya, na bado kinacheza mtu akiegemea upande wa dirisha. Mzee Lackson alitaka kuninunulia kingine, nikamwambia hiki kinanitosha. Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Najua hapo ungeshangaa, kwa hiyo ngoja nikusimulie tangu mwanzo.

Siku tuliyomaliza mtihani wa kidato cha nne, wenzangu waliandikiana majina kwenye mashati ya shule. Mimi nilirudi nyumbani na shati safi. Hakuna aliyeninyima, sikuomba tu. Nilipofika nilimkuta Mzee Lackson, bosi wako, amekaa na mama sebuleni, kofia ameipakata.

Tangu ulipotutoka mwezi wa tano, ile kazi yako ya kupanga safari za malori ya mafuta ilikuwa imemshinda. Wiki moja malori mawili yalikutana Chitete na kituo cha Ndalambo kikakauka. Tunduma mafuta yapo tele, vijijini watu wanasukuma pikipiki.

"Mama, mumeo alikuwa anajuaje?" aliuliza. "Alijuaje kwamba wiki hii lori liende huku, lisiende kule?"

"Alikuwa anaandika," mama akasema. "Halafu anakaa kimya."

"Basi. Kuandika nimeshanunua, ipo kwenye kompyuta. Kukaa kimya ndiko sijui kunauzwa wapi, mukwai."

Unajua anavyoongea, na hilo "mukwai" lake la adabu ya upande wa pili wa mpaka. Akaeleza kwamba ameletewa programu ya kukadiria mahitaji ya mafuta, lakini programu hiyo haiwezi kusema neno la kesho kama haijalishwa ya jana. Na ya jana yote uliyaandika wewe. Mama akaingia chumbani, akayatoa madaftari chini ya kitanda, yamefungwa kwenye kitenge. Mzee Lackson akafungua la juu, akaligeuza huku na huku, akalifunga. Mwandiko wako ulikuwa umemshinda kama ulivyowashinda wengine.

"Huyu anausoma," mama akasema, akinielekeza kwa kidevu. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, bila kusema neno.

Kila nilipofungua ukurasa niliisikia ofisi yako. Saa mbili asubuhi wahudumu wa vituo walizamisha fimbo ya kupimia mafuta kwenye matangi, wakakupigia simu. Wewe ulikuwa huanzi na salamu. "Fimbo inasemaje?" Kisha unaandika. Likizo nilikaa pembeni nikikusomea tarakimu ya jana, nawe unatoa, unapata lita zilizouzwa. Mhudumu wa Kamsamba, Mama Masanja, alikuwa wa mwisho siku zote, kwa sababu ilimbidi apande kichuguu nyuma ya kituo ndipo apate mtandao. Ulikuwa unasema ukisikia mtu anahema kwenye simu, ujue Kamsamba imefika.

Kompyuta ililetwa na Kaka Edwin kutoka Mbeya, kijana mpole anayetia karanga kwenye chupa ya soda. Alinieleza kwamba programu inaangalia jana, wiki iliyopita na miaka ya nyuma, halafu inakisia kesho. Moyoni nikasema, kama baba. Sikulitamka.

Nikaanza kuingiza tarakimu, kituo kimoja baada ya kingine. Nilipofika Kamsamba nikakuta mistari. Mahali pa lita palikuwa na mstari mfupi tu wa kalamu, siku baada ya siku, hasa Januari na Februari. Nikaandika mstari, kompyuta ikakataa. Nikamwonyesha Kaka Edwin kwa kidole.

"Hiyo haipokei, dada. Kama si namba, weka sifuri."

Nikaweka sifuri. Nikaweka nyingine, na nyingine. Vidole vyangu vilikwenda haraka kuliko kumbukumbu zangu, baba, na hilo ndilo kosa ninalokuandikia.

Baada ya wiki mbili Kaka Edwin akachapisha makadirio ya masika, Desemba hadi Aprili. Mzee Lackson akavaa miwani. Chitete ilipanda, Ndalambo ilikuwa palepale. Kamsamba ilishuka hadi nikadhani karatasi imeharibika. Nusu lori kwa Desemba, na baada ya hapo karibu na hakuna.

"Masika hawanunui," Kaka Edwin akasema. "Inaeleweka. Mvua, watu wako ndani."

Mzee Lackson akafurahi, maana barabara ile inamlia matairi. Akasema lori la Ijumaa lishushe nusu Kamsamba, nusu libaki Chitete. Ilikuwa Jumatano. Upande wa bondeni mawingu yalikuwa yameshaanza kuwa mazito.

Mimi nilikuwa naiangalia ile karatasi. Nilikumbuka safari yetu.

Nilikuwa darasa la sita, likizo ya Januari. Ulinipandisha kwenye lori katikati yako na Anko Jastini, dereva. Mto Momba ulikuwa umeikata Kamsamba kwa zaidi ya wiki mbili, na sisi ndio tulikuwa wa kwanza kupita. Tulizama kwenye matope mara tatu. Tulipofika jua lilikuwa utosini na joto limekaa juu ya bati kama mtu. Mbele ya pampu palikuwa na foleni ya madumu, imekwenda hadi kwenye uzio wa ng'ombe. Wenye madumu hawakuwapo. Kila dumu lilikuwa na alama yake, hili kitambaa chekundu, lile kizibo cha soda kwenye uzi, na yalikuwa yamekaa hapo siku nyingi hadi buibui wameyaunganisha. Mbele ya yote lilisimama gari la wagonjwa. Mabondeni pawatila, zile trekta ndogo za kusukuma kwa mkono, zilikuwa zimesimama kwenye majaruba ya mpunga yaliyolimwa nusu.

Mama Masanja, aliyekuita Mpangaji kwa sababu ya kupanga malori, alitoka akijifuta mikono kwenye khanga.

"Mpangaji, umeleta mafuta au umeleta mtoto?"

"Nimeleta vyote."

"Mtoto haendeshi trekta."

"Na haongei pia," ukamjibu. Ukapigapiga mfuko wa shati lako. "Sauti yake ninayo mimi hapa. Akikua nitamrudishia."

"Usije ukaifua na shati."

Mlicheka wote wawili, na mimi nikajificha nyuma ya mgongo wako. Ulikuwa unasema hivyo kwa kila mtu aliyenisalimia nikashindwa kujibu, kanisani, sokoni, hata kwa mwalimu mkuu. Ilikuwa inanipunguzia aibu. Nilikuwa najua sauti yangu haijapotea, ipo mahali.

Kisha ukazamisha fimbo kwenye tangi. Ikatoka kavu, na kutu kidogo kwenye ncha. Ukafungua daftari juu ya goti, ukaniuliza, "Kwa siku hizi zote niandike nini?"

Nikanong'ona, "Sifuri. Hawajauza kitu."

"Geuka nyuma uhesabu madumu."

Nikahesabu hadi arobaini, nikachoka kabla sijafika kwenye uzio.

"Sifuri ni siku ambayo mafuta yapo na watu hawapo," ukasema. "Hapa watu wapo. Ukiweka sifuri umewafuta." Ukavuta mstari. Ukarudia chini yake, siku moja moja, bila haraka.

Uliniambia, baba. Uliniambia mimi peke yangu. Na mimi nimekaa kwenye kiti chako nikawafuta wote, dumu kwa dumu, nikaifundisha kompyuta kwamba Kamsamba masika hakuna mtu.

Jumatano ile sikusema. Jumla ya maneno niliyoyatamka ofisini siku hiyo ni "ndiyo" na "ahsante". Alhamisi nilifika mapema nimekumbatia daftari. Mzee Lackson na Kaka Edwin walikuwa wanazungumza. Nikasimama mlangoni.

"Dada, kuna shida?" Kaka Edwin akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kwamba hakuna, nikaenda kukaa. Dirishani nilimwona Anko Jastini anakagua matairi ya lori. Nikawaza kwamba kesho asubuhi litaondoka, na likishaondoka mto Momba ukijaa hakuna atakayelifuata. Nikawaza pia kwamba wakijua nimekosea wataniondoa, na madaftari yako yatakaa kwa watu wasioyasoma. Nilikaa na mawazo hayo mawili mpaka chai ya saa nne.

Kisha nikasimama, nikaliweka daftari wazi juu ya ile karatasi ya makadirio.

"Nini hiki?" Mzee Lackson akauliza.

Mkono wangu ulikwenda kifuani wenyewe, kama unatafuta mfuko. Blauzi niliyovaa haikuwa na mfuko.

"Nimekosea," nikasema. Ilitoka ndogo, akaniambia nirudie. "Nimekosea, mzee. Hii mistari si sifuri. Ni siku ambazo mafuta yalikwisha. Watu walikuwepo. Niliwaona."

Nikawaeleza habari za madumu. Nilianzia katikati nikarudi mwanzo, lakini niliyasema yote. Kaka Edwin aliweka soda chini. "Mimi ndiye niliyemwambia aweke sifuri," akasema.

"Lakini baba alishaniambia mimi nisiweke," nikasema.

Mzee Lackson alilivuta daftari karibu. Alichukua simu akampigia Mama Masanja, akaiweka juu ya meza sote tusikie. Ilichukua muda, halafu tukasikia mtu anahema.

"Mama, hivi masika huko watu wananunua mafuta?"

"Nani kakwambia hawanunui? Wewe ukiona pampu imenyamaza unadhani na watu wamenyamaza? Kuna watu wanalima kwa jembe huku na trekta liko uani. Njoo ushinde na mimi siku moja uone ninavyotukanwa."

"Nimekuelewa, mama."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba niangalie nyuma yako nihesabu madumu."

Akakata simu, akavua miwani, akakaa kimya. Alikaa kimya muda mrefu, baba, kama wewe, mpaka nikajua ameshafika mahali. Kisha akamwita Anko Jastini dirishani. "Kesho lori lote Kamsamba. Chitete usiwape hata kikombe. Na Jumatatu unarudi tena hukohuko, kabla mto haujajaa."

Hakuniondoa. Aliniambia tu, "Siku nyingine usingoje chai."

Kaka Edwin alinionyesha jinsi ya kuacha pale mahali patupu, ili programu ijue kwamba siku hiyo haijulikani, isidhani kwamba hakuna aliyetaka. Niliyarudia madaftari yote kumi na moja. Kila nilipofuta sifuri nilikuwa kama narudisha dumu kwenye foleni. Nilipomaliza, makadirio ya Kamsamba yalipanda hadi Kaka Edwin akapiga mluzi.

Ninalo jingine la kukuambia, usichukie. Chitete ulikuwa unaikosea. Uliendelea kuipelekea kama kile kijiji ulichokijua ujana wako, wakati kumeshakuwa na ofisi za wilaya, na magari yake, na nyumba zinajengwa kila upande. Tarakimu zako mwenyewe zinaonyesha inapanda, mwaka hadi mwaka, lakini ulikuwa unasoma jana tu. Programu iliona. Mwanzoni niliumia kwa ajili yako, baadaye nikatulia. Nadhani ungeisoma ile karatasi mara mbili, ungejikuna shingo, ungesema, "Haya."

Mto ulijaa siku tisa baada ya safari ya pili. Ulikaa hivyo hadi katikati ya Januari. Siwezi kukudanganya kwamba tulimaliza salama kabisa. Siku nne za mwisho Kamsamba ilikauka. Lakini majaruba yalikuwa yameshalimwa, na Mama Masanja alikuwa amelitengea gari la wagonjwa pipa lake, akalifungia ndani pamoja na kuku. Siku hizo nne niliziacha tupu kwenye kompyuta. Kisha nikafungua daftari jipya, la kumi na mbili, nikavuta mistari minne. Mkono wangu unafanana na wako, nimeona.

Matokeo ya mtihani bado hayajatoka. Mama anasema yakitoka mazuri nitaondoka kwenda kusoma mbele, nami nataka, lakini kabla ya hapo namfundisha mama kuusoma mwandiko wako. Anasema miaka yote alidhani ni dawa za kienyeji.

Asubuhi ya kwanza niliyopokea simu za vituo peke yangu, Kamsamba ilikuwa ya mwisho, na ilihema kama kawaida.

"Naongea na nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo. Mtoto wa Mpangaji."

"Yule asiyeongea?"

"Ndiye."

Nilisikia upepo huko juu ya kichuguu. "Marahaba," akasema. "Basi alikurudishia."

Mashati yako mama ameyagawa, isipokuwa lile la kijivu, ambalo liko msumarini nyuma ya mlango wa ofisi. Leo asubuhi kabla sijakaa niliufungua mfuko wake nikatazama. Kulikuwa na kalamu, imekauka wino. Nikakirudisha kifuniko chake, nikaiacha humohumo.

Pumzika, baba. Saa mbili inagonga, na simu imeanza kuita.

Mwanao,
anayeuliza siku hizi fimbo inasemaje.